Unga Chini ya Majani ya Mpapai

Makindu, Jumapili alasiri

Mwaitu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagwa na akina mama wa kanisa, na kwa jinsi ninavyowajua, wakianza kukuombea mmoja mmoja hawatamaliza kabla ya ng'ombe kurudi zizini. Mama yako yuko jikoni anakukaangia chapati za safari. Mimi nimetoa kiti, nimekuja kukaa hapa nje ya stoo, niandike kile ambacho jana nilishindwa kukuambia kwa mdomo.

Unajua kwa nini nakuita mwaitu. Ulipozaliwa tulikupa jina la mama yangu, Ndinda, na kwa desturi yetu wewe ni mama yangu, hata kama mimi ndiye niliyekuwa nikikufunga kamba za viatu. Jana mama alinikemea. Na mtoto akikemewa mbele ya shamba lake mwenyewe hujibu vibaya, kisha anakaa kujuta. Ndivyo ilivyokuwa.

Ulikuwa umesimama kwenye tuta la chini, umeinua jani la mpapai, na mimi niliuona ule unga mweupe kabla hujasema neno. Ulikuwa umerudi. Si mwingi, lakini umerudi, na hiki ni kiangazi ambacho ndio kwanza kinaanza. Ukaniambia bila kunitazama, "Baba, mimi naenda. Ukinyunyiza nitajua." Nami nikakujibu, "Wewe nenda kazi yako." Chakula cha jioni tulikila kama watu wanaongojea gari stendi, kila mmoja na upande wake.

Najua unaondoka kesho na swali hilo kifuani: ukishapanda gari la kwenda Mwingi, mimi nitafanya nini na ile pampu ya dawa? Nitakujibu, Ndinda. Lakini nitapitia mbali kidogo, kwa sababu jibu fupi ulilipata jana na lilikuwa la kijinga.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kupiga simu, ya kanisa gani utaingia huko, nayaruka. Mama yako ameyapanga yote na atakuambia tena kesho mlangoni, na usipomwitikia atayarudia kutoka mwanzo. Mimi nina mawili matatu tu, na yote nimeyalipia kwa ngozi yangu.

Nianze na Tulia, kwa kuwa kesho utapita pale. Shangazi yako Kalunde aliolewa huko kabla wewe hujazaliwa, na kati ya ndugu zangu wote ndiye aliyenilea. Mwaka ule alipovunjika mguu nilikwenda kumtazama, na kabla ya kwenda nilijiuliza nibebe nini. Kwetu mtu haendi kwa dada yake akipunga mikono, na hatoki huko akipunga mikono. Mkono mtupu haulambwi. Sukari ningeipata hata pale sokoni Tulia, lakini mimi nilitaka kumpelekea kitu kilichotoka kwenye jasho langu. Nikachimba miche ya mpapai, ile iliyojiotea chini ya mti wangu bora, nikaifunga mizizi kwa gunia bichi.

Chini ya jani moja niliona kitu cheupe, kama unga wa ngano uliomwagika. Nilikifuta kwa kidole gumba, nikajipangusa kwenye suruali. Huo ndio ulikuwa utafiti wangu wote.

Wakati huo hapa kwetu unga ulikuwa kwenye miti michache tu na hatukujua kama ni kitu chenye uhai. Wengine walisema ni vumbi la malori ya barabara ya Mombasa. Shangazi yako alifurahi mpaka akaita majirani. Nilipanda miche ile kwa mikono yangu karibu na birika lake la kukingia maji, yeye ameketi na mguu wake wa plasta ananielekeza nichimbe zaidi. Miche iliyobaki aliigawa, maana majirani nao hawangeweza kuondoka mikono mitupu. Nilirudi nyumbani nikijiona kaka wa maana sana.

Nilipokwenda tena, ile miti yake ya zamani, aliyoikuta kwa mama mkwe wake, ilikuwa imesimama bila majani. Matunda yalikuwa yamefunikwa na weupe, na juu ya weupe masizi. Kwa majirani vivyo hivyo, boma baada ya boma, ungeweza kufuata njia ya miche yangu kwa macho. Kalunde akaniambia, "Zawadi yako imezaa, kaka." Akacheka. Wewe humjui vizuri, lakini mimi najua yeye hucheka namna hiyo akiwa ameumia. Na nilipoondoka alinipa jogoo. Nilimbeba kwapani njia nzima, na nilipofika nikashindwa kumchinja. Mama yako alipouliza sababu nikasema ana nyama ngumu. Jogoo yule alikufa kwa uzee hapa nyumbani.

Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilikuwa nimelichuma nikalifunga kwenye gunia bichi, nikalibeba kwa upendo. Hilo ndilo ninalotaka ulikumbuke huko uendako. Unakwenda kuwauliza watu habari za mathenge, ule mti wa miiba uliofunga njia za mifugo na kuyachukua malisho. Utawakuta wafugaji ambao mbuzi wao wamekula maganda yake mpaka meno yameoza, na bado kuna mmoja atakayekuambia hataki uguswe kwa sababu ndio kivuli chake na ndio makaa yake. Usimwone mjinga. Mti ule nao uliletwa kama zawadi. Watu waliambiwa utashika udongo na utawapa kuni, wakaupokea kwa mikono miwili kama Kalunde alivyopokea miche yangu. Usianze kwa kumwambia ubaya wake, anaujua, ameuchomoa mguuni mara nyingi kuliko wewe. Muulize aliupata kwa nani. Ukimwuliza hivyo atakueleza habari za mtu, na mtu akianza kueleza habari za mtu hakatizi mapema.

Sasa nije kwenye pampu.

Uliporudi kutoka chuoni na kuniambia umepata kazi na wale watafiti, nilijivuna. Uliponiambia kazi yenyewe ni kuachilia nyigu shambani kwangu, nilidhani chuo kimekuharibu. Unakumbuka ule mkutano wa kwanza wa mwethya wetu. Kikundi ambacho baba zetu walikitumia kuchimba matuta ya mlima huu mzima, leo kimekaa kinasikiliza msichana akieleza habari za mdudu mdogo kuliko punje ya wimbi. Jirani yetu Mutua akasimama, mikono kiunoni. "Sasa wewe unaleta wadudu wakule wadudu. Na hao wakimaliza hawa, watakula nini? Si watoto wetu?" Watu wakacheka. Wewe hukucheka. "Wakikosa hawa watakufa, Mzee. Hawajui kula kitu ingine. Na huyu hata kuuma mtu hawezi." Ukatueleza jinsi jike linavyotaga ndani ya mwili wa kile kidudu cheupe, na mtoto anavyokila kwa ndani mpaka kibaki ganda kavu lenye tundu. Mama mmoja akasema, "Eii, hiyo ni ukatili," lakini nikaona amependa.

Mkaweka sharti moja tu: hakuna kunyunyiza dawa. Dawa haiwezi ule unga vizuri, mlisema, kwa sababu kidudu kimejifunika nta yake, lakini nyigu inawaua mara moja. Tukainua mikono, wote. Shamba langu likachaguliwa kuwa la mfano kwa sababu liko kando ya njia na kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa. Mimi ndiye niliyefunga mkutano kwa maombi.

Halafu tukaanza kungoja. Mwaitu, mimi sikufundishwa kungoja. Wewe ulimkuta nyanya yako amezeeka, lakini mimi nilimwona akiwa na nguvu, anabeba udongo kwa karai kutoka chini ya mteremko hadi juu, mvua ya usiku ikibomoa, asubuhi anabeba tena. Hapa kwetu mvua haitupendi sana. Tumeishi kwa sababu ya mikono. Mtu ambaye shamba lake linakufa naye ameketi ana jina lake, na si jina zuri. Kila asubuhi niliamka, nikaona mipapai imevaa nyeupe kama maharusi, na kazi yangu ilikuwa kuitazama.

Siku moja Mutua alipita njiani na baiskeli yake. Akasimama, akatazama shamba, akanitazama mimi. "Mzee, umeachilia shamba siku hizi?" Hakuwa na nia mbaya. Nadhani alikuwa anatania, maana tumetaniana tangu tukiwa wavulana. Lakini neno lile nilizunguka nalo siku nzima. Kesho yake wewe ulikuwa umekwenda mjini na mama yako alikuwa kisimani. Nikaingia stooni, nikaishusha pampu kwenye msumari wake, nikachanganya dawa kali kuliko maandishi ya chupa yanavyosema, nikavaa mgongoni. Na nitakuambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu: nilifurahi. Ule uzito mgongoni, ule mkono unaopiga pampu, ule ukungu unaotoka. Kwa mara ya kwanza katika msimu ule nilijiona mwanamume anayefanya kazi. Nilinyunyiza shamba lote huku nikiimba wimbo wa kanisa.

Baadaye ulikuja na kile kioo chako cha kukuzia, umekivaa shingoni kwa kamba, ukageuza majani wiki baada ya wiki. Unga ulipungua siku chache tu, kisha ukarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Nyigu hapakuwa na hata mmoja. Yule mkubwa wenu alipokuja akakuuliza kama vile vibomba vya nyigu uliviacha juani, kama ulichelewa kuvifungua. Ukasema hapana. Lakini jioni nilikukuta nyuma ya stoo hii hii unamwambia mama yako, "Labda ni mimi niliwaua. Labda sikufanya vile walinionyesha." Ulikuwa unalia, mtu mzima. Nami nilikuwa upande wa pili wa ukuta na kamba ya ng'ombe mkononi. Nikapita nikaenda kumfunga ng'ombe. Kati ya yote niliyokufanyia katika maisha yako, lile la kupita ndilo baya. Kunyunyiza kulikuwa ni ujinga. Kupita kulikuwa ni mimi.

Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu langu ni hili, lichukue kwa kadiri litakavyokufaa: nilikuwa nikijiambia kwamba nitasema, ila si leo. Kila siku nilikuwa na nia safi kabisa ya kusema kesho. Mtu mwongo anajijua na anaweza kutubu. Mtu wa kesho hajijui, anajiona mkweli aliyechelewa kidogo tu.

Mkutano wa mwisho unaukumbuka. Watu walikuwa wamechoka. Shamba la mfano lilikuwa baya kuliko mashamba mengine, na kila mtu aliliona akipita kwenda kanisani. Mutua akatoa shauri kwamba tuchange tununue dawa ya kikundi, tunyunyize mlima mzima siku moja, habari ya nyigu iishe. Mikono ilikuwa imeanza kuinuka. Ndipo ukasimama ukasema, "Kosa ni langu. Nafikiri niliwafungulia jua likiwa kali. Naomba mtupatie nafasi ingine, msiharibu yote kwa sababu yangu." Sauti yako ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

Watu husema nilikuwa jasiri siku ile. Si kweli. Mimi nilikuwa nimekalia kiti, kiti kikawa moto. Nikasimama kwa kuwa sikuweza tena kukaa. Nikasema, "Ni mimi. Nilinyunyiza. Huyu msichana hana kosa." Halafu Mutua, "Wewe? Mzee wa kanisa? Na si ndiye ulituombea!" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikasimama pale nikichekwa na watu niliowabatizia watoto. Katika kicheko kile nilikutazama. Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, na nilidhani una hasira. Baadaye nilielewa ulikuwa unanionea aibu, kama vile mimi ndiye mtoto.

Kesho yake asubuhi ulikuja na ndoo ya majivu ya jikoni, ukaiweka miguuni pangu. "Baba, sisimizi ndio wanalinda hawa wadudu, wanakula utamu wao na wanafukuza nyigu. Zungushia kila shina majivu. Mvua ikinyesha ama upepo ukipeperusha, unarudia. Na ile miti imekufa tung'oe tuzike." Nikafanya. Kila asubuhi nilizunguka na ndoo yangu, nikapiga magoti kwenye kila mpapai kama mtu anayeabudu. Mutua akipita na baiskeli nilikuwa na kazi mkononi. Mkaleta nyigu wengine, na safari hii hakuna aliyenyunyiza, maana wote walikuwa wakinichunga mimi na kwa kunichunga wakajichunga. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Siku uliponiitia tuta la juu, ukanivalisha kile kioo chako na kunionyesha ganda kavu lenye tundu dogo, nililitazama mpaka shingo ikauma.

Ndinda, sijui kama ulifanya kwa makusudi au kwa akili ya kuzaliwa, lakini uliponipa ile ndoo ulinitibu. Mimi nilikuwa ninaumwa na mikono. Kwa hiyo ukifika kule kwa watu wa mifugo na kuwaambia hii kazi ya mathenge si ya msimu mmoja, kwamba mtakata na itachipua, mtang'oa na mbegu zitaota kwenye kinyesi cha mbuzi, usiwaambie wawe na subira. Neno hilo kila mtu ameshalisikia na halijawahi kumsaidia mtu aliyesimama mbele ya mali yake inayokufa. Mpe ndoo. Mpe kitu cha kufanya asubuhi, hata kama ni kidogo, hata kama ni kuokota maganda kabla mbuzi hawajayafikia. Mtu mwenye kazi mkononi anaweza kungoja miaka.

Sasa unga umerudi kwenye tuta la chini. Jana baada ya wewe kupanda nyumbani nilibaki pale. Nitakwambia ukweli: mkono uliniwasha. Ile miti ya chini ndiyo yenye matunda mazuri mwaka huu, na wanunuzi wa kando ya barabara wameanza kuuliza. Nikajiambia, ni miti michache tu, nitanyunyiza hii peke yake, yule msichana atakuwa Mwingi, hakuna atakayejua. Yote yalikuja kwa mpangilio ule ule wa zamani, na sauti ile ile ya upole.

Lakini nilikumbuka vilevile uliyoniambia wakati tulipofaulu, nami nikataka tusherehekee kwa kuumaliza kabisa. Ulisema, "Hapana Baba, lazima ibaki kidogo. Ikiisha yote, nyigu nao wanakufa njaa, na siku unga ukirudi hatuna mlinzi." Nilidhani ni maneno ya kitabuni. Jana nilipiga magoti, mgongo ukalia, nikageuza jani lile uliloligeuza wewe. Sina kioo, nawe unajua macho yangu. Nikaenda kuchukua miwani ya mama yako ya kusomea Biblia. Nikageuza majani mpaka jua likazama nyuma ya kilima. Na niliwaona, Ndinda. Maganda makavu yenye tundu, katikati ya weupe, si mengi, lakini yapo. Nyigu wako kazini. Hawakuniuliza.

Kwa hiyo sitanyunyiza. Sikuambii nitajaribu, wala sikuambii Mungu akinisaidia, maana Mungu nimeshamsingizia vya kutosha katika jambo hili. Nakuambia sitanyunyiza. Sisimizi nitapambana nao, majivu yapo na mgongo upo. Ikiwa tuta la chini litakufa lote nitaling'oa na kulizika na kuanza upya kwa miche niliyoipekua jani kwa jani, na nitakaa kando ya njia Mutua akiniona. Nimeamua nikiwa na akili zangu zote, mchana, na chapati zinanukia.

Najua ahadi yangu ina ufa. Ulishaiona ikiinua mkono mkutanoni. Ndiyo sababu sikutaka ubaki na maneno matupu.

Leo asubuhi kabla ya ibada mama yako alikuwa amekujazia kiondo mapapai, na pembeni miche ya kumpelekea shangazi yako ukipita Tulia, na wewe ukavitoa vyote kimoja kimoja, ukasema hakuna mmea unaotoka hapa kwenda kokote. Mama yako alinung'unika mpaka kanisani: mtoto ataondokaje nyumbani kwao bila kitu? Nilimtetea yeye moyoni na nikakutetea wewe kwa mdomo. Shangazi yako mpelekee chapati. Mwambie kaka yake amesema miti aliyomwulia anaikumbuka kila anapokula papai. Atacheka. Sikiliza ni kicheko cha namna gani, kisha uniandikie.

Lakini mama yako ana haki. Mtoto wa hapa haondoki mikono mitupu. Basi kesho ukitoka nje utakuta juu ya sanduku lako kuna kitu kikubwa nimekifunga kwa kamba ya katani, na fundo nililolitia halifunguki kirahisi. Ni pampu. Nimeiosha kwa sabuni na maji ya moto, nikarudia, nikatupa maji kwenye shimo mbali na kisima, nikaianika. Haina dawa hata tone. Mpira wake na mdomo wake vyote vimo. Sikubakiza kitu ambacho ningeweza kukiunga. Kondakta atataka kugombana nawe juu ya nafasi. Gombana naye.

Najua pia kwamba hukuwahi kumsimulia mtu nje ya kijiji hiki nilichofanya. Mkubwa wako alipouliza kilichotokea ulimwambia tu kwamba kulikuwa na tatizo la dawa, ukanyamaza, ukaacha nusu ya lawama ibaki juu yako. Ulilinda jina la baba yako. Nakushukuru, na nakuomba uache.

Kule utakutana na mzee kama mimi. Atakuwa mwenyekiti wa kitu fulani, au imamu, au mzee wa kanisa, na atainua mkono wa kwanza kukubali, na usiku atafanya yake. Usimkamate. Nenda nyumbani kwake na pampu hii, uiweke chini kati yenu, umwambie, "Hii ilikuwa ya baba yangu." Msimulie yote, na wimbo niliokuwa nikiuimba, na ukuta wa stoo, na kicheko. Litaje jina langu. Kisha mwulize yeye amefanya nini.

Nasikia akina mama wanakuja njiani wakiimba, wewe uko katikati yao. Naacha hapa nikusaidie kufunga mizigo. Msumari wa stooni umebaki mtupu na nitauona kila nikiingia kuchukua ndoo.

Ni mimi mtoto wako,
Baba